Mwezi Uliokuja kwa Simu

Kabla ya yote naomba mnivumilie kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinasukumana kama watu kwenye foleni ya maji. Tahajia pia sina uhakika nayo, kwa sababu shule niliiachia darasa la nane, na mpaka leo l na r hunichanganya. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Dada yangu, ambaye ana simu nzuri, aliniona nikihangaika akacheka. "Si uiambie simu ikuandikie? Wewe sema tu, yenyewe itanyoosha." Najua ingenyoosha. Lakini jambo ninalotaka kueleza linahusu sauti ya mtu iliyonyooshwa na mashine, kwa hivyo nimeona heri nikosee mwenyewe.

Tunakaa mtaa wa Huruma, katika jengo la ghorofa saba. Chini kabisa, pembeni ya mlango wa kuingilia, nina meza yangu ya kupiga pasi. Natumia pasi ya makaa, kwani stima yetu ina mambo yake. Kazi hii inanifaa. Mimi si mtu wa maneno mengi, na nguo haikuulizi kitu. Mama yangu anakaanga mahamri ya asubuhi na kuuza hapo hapo karibu nami. Yeye ndiye anayezungumza kwa niaba ya sisi wawili.

Ghorofa ya tatu anakaa Maalim. Ni mzee, mkewe alikwishafariki, na ndiye muadhini wa msikiti mdogo ulio nyuma ya jengo letu. Ameadhini pale tangu msikiti ulipokuwa wa mabati. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na utulivu fulani, kama mtu anayekuamsha bila kukushtua. Hata wasio Waislamu waliizoea. Mama wa viazi karai, ambaye ni jirani yetu na kila Jumapili huenda kanisani, alikuwa akisema kwamba yeye hana saa. Maalim akiadhini alasiri, yeye anaweka mafuta motoni.

Ramadhani hiyo, katika masiku yale ya mwisho, Maalim alisoma na kuomba dua mpaka sauti ikampasuka. Kwanza ilikwaruza, halafu ikawa mnong'ono, halafu ikabaki pumzi tu. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyewahi kusoma kwake madrasa, akashika adhana badala yake. Mama akachemsha tangawizi na ndimu, akatia asali, akaniambia nimpelekee. Nilipompa chupa ya chai, Maalim alinishukuru kwa muda mrefu, na ilinibidi niinamishe sikio karibu na ndevu zake ndipo nisikie. "Mwambie mama yako Mungu ambariki," alisema, na hata hayo yalimchosha.

Naomba mlishike hilo la sauti, maana sisi tulikuja kulisahau.

Kila inapofika tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, Maalim hupanda juu ya paa la jengo letu kuutafuta mwezi. Nimekuwa nikipanda naye tangu nikiwa mdogo. Kule juu kuna matangi ya maji na kamba za nguo, na ukisimama karibu na tangi la mwisho unaona upande wa mjini, jua linakozama. Mtu yeyote anaruhusiwa kuja kutazama. Lakini ukisema umeuona, Maalim ana maswali yake, na huwa ni yale yale. Ulisimama wapi? Pembe zake zilielekea wapi? Nani alikuwa nawe?

Mwaka mmoja alikuja mtu kutoka jengo la jirani akaapa kwamba ameuona. Maalim akamwuliza kuhusu pembe. Yule mtu akachora hewani kwa kidole mwezi uliosimama wima, kama ule wa kwenye kalenda na mikebe ya biskuti. Maalim akatabasamu, akampa kaimati moja, akamwambia asante kwa kupanda ngazi. Huku kwetu mwezi mchanga hausimami. Unalala chali kama bakuli.

Na ukishayajibu maswali vizuri, bado hajamaliza nawe. Anashuka nawe mpaka msikitini, anakusimamisha kando ya kipaza sauti, anatangaza, halafu anakupa wewe useme kwa kinywa chako. Mwaka uliotangulia aliyeuona kwanza alikuwa mama mmoja anayefulia watu nguo. Alikuwa paani akianua. Aliletwa mbele ya kipaza akiwa bado na vibanio vya nguo kwenye leso, akasema, "Ni mimi, wa ghorofa ya sita mlango wa mwisho. Nimeuona, na nilikuwa na mwanangu." Watoto walimwigiza wiki nzima. Lakini hakuna aliyebisha.

Basi jioni hiyo ninayoisimulia tulipanda. Maalim alikuwa amejifunga kikoi shingoni na alipumzika kwenye kila ghorofa. Tulikuwa watu wachache. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa na yule kijana, tukafungua kwa tende na maji pale pale, tukatazama. Upande wote wa mjini ulikuwa wingu, zito na la rangi ya jivu la makaa. Tulingoja mpaka wekundu wote ukaisha. Maalim akatikisa kichwa, akapiga mikono yake taratibu kama mtu anayepangusa unga, tukashuka.

Chini alimkuta binti yake anayekaa mtaa wa Tena, amekuja kumchukua. Alimwambia baba yake, "Leo unalala kwangu. Una homa, na hapa huna wa kukupa hata maji." Maalim hakuwa na sauti ya kukataa. Akaenda naye. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, mulika mwizi, na siku hizo hata chaji haikuwa ikikaa.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nilikuwa nataka tu kupanga makaa ya kesho. Isha ilikuwa bado. Mara nikasikia viatu vinakimbia kwenye ngazi, na kijana wa ghorofa ya nne akatokea na kanzu mkononi.

"Niaje, fundi! Nipigie hii fasta. Idi ni kesho."

"Idi gani?"

"We unaishi wapi, buda? Sikia hii."

Akaweka simu kwenye meza, juu ya shati la mtu. Sauti ikatoka. "Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Huruma. Mwezi umeandama. Umeonekana jioni hii hapa hapa mtaani kwetu. Kesho ni Idi. Wafikishieni na wengine." Ilikuwa sauti ya Maalim. Pumzi zilikuwa zake, na ile namna yake ya kuvuta neno ndugu. Chini ya sauti palikuwa na picha ya majengo yetu, paa na matangi, na mwezi mwembamba juu yake.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye paa hilo muda mfupi tu uliopita. Vumbi la kule juu lilikuwa bado kwenye ndala zangu. Niliwaza kwamba labda wingu lilifunguka tulipokwisha kushuka. Niliwaza kwamba labda Maalim aliuona njiani akienda Tena. Nikaweka macho yangu upande mmoja na sauti yake upande wa pili, na sauti yake ikawa nzito zaidi. Nikaongeza makaa kwenye pasi.

Baada ya hapo watu walikuja mmoja baada ya mwingine. Kanzu, mabuibui, suruali za watoto zenye lebo bado. Jengo lote lilianza kunukia iliki. Mama alishuka mikono ikiwa imejaa unga, uso wake unang'aa.

"Umesikia? Maalim ametangaza."

"Mama, tulikuwa juu na hatukuona kitu."

"Sasa si ameshaona mwenyewe? Wewe na macho yako ya moshi!"

Nikavuta kanzu iliyofuata. Waliokwenda kuswali Isha walirudi wakasema imamu amefuata tangazo la redio, mwezi haukuonekana popote, kesho ni kufunga siku ya thelathini. Pale mlangoni pakawa na mabishano. Si mara ya kwanza mtaa wetu kutofautiana na redio, kwa hivyo kila upande ulikuwa na la kusema.

"Redio ni ya Kenya nzima," mama alisema. "Maalim ni wa hapa. Ameuona kwa macho yake."

"Tumwulize basi," akasema mzee mmoja.

"Utamwuliza nini, na ameshasema? Unataka aseme mara ngapi?"

Mtu alipiga ile namba ya mulika mwizi, haikupatikana, na ya binti yake hakuna aliyekuwa nayo. Wengine wakafunga, wengine wakaendelea kukanda unga. Katika korido moja, mlango huu uliamka kula daku na mlango wa pili ulilala ukingoja Idi.

Asubuhi waliovaa walianza kushuka. Niliziona kanzu zangu zote zikipita, zimenyooka vizuri, na nilijisikia vibaya bila kujua kwa nini. Walikwenda msikitini wakitarajia kumkuta Maalim, wakakuta mlango umerudishiwa tu, ndani mikeka haijaongezwa, hakuna takbiri wala harufu ya udi. Wakasimama nje. Mimi nilikuwa nimekwenda nyuma yao. Sikuwa nimekula, wala sikuwa na uhakika kama nimefunga. Nilikunywa maji alfajiri kwa tahadhari, nikanuia.

Hapo ndipo Maalim alipofika, amekaa nyuma ya pikipiki ya yule kijana wa bodaboda, na kikoi shingoni, na chupa ya chai aliyopewa na binti yake kwa ajili ya futari. Alishuka taratibu. Alitutazama, kanzu nyeupe na watoto wenye viatu vipya, akanong'ona kitu. Kijana akakisema kwa sauti ili wote wasikie.

"Maalim anauliza, mnakwenda harusini?"

Mtu mmoja akatoa simu, akamsogezea sikioni. Maalim alisikiliza akiwa amefumba macho. Ilipokwisha akafanya ishara irudiwe. Ikarudiwa. Kisha akanong'ona, na mara hii nilikuwa karibu, nikasikia mwenyewe.

"Huyu ni mimi," alisema. "Lakini mimi sikusema."

Kijana wa bodaboda ndiye aliyetufafanulia. "Hii ni akili bandia, Maalim. Mawaidha yako yamejaa kwenye simu za watu. Mtu anachukua dakika chache za sauti yako, anaandika maneno anayotaka, mashine inayasema kama wewe. Hata picha inatengenezwa hivyo hivyo. Saa hizi ni mchezo wa watoto."

"Na mwezi," Maalim akamwuliza kwa pumzi, "hiyo mashine iliuonea wapi?"

"Haina macho, Maalim."

Baba mmoja aliyemshika mtoto mkono alisogea mbele. "Maalim, mimi nimekunywa chai. Nimekula mahamri, mchana wa Ramadhani, mimi na watoto wangu, kwa ajili yako."

Maalim akamwambia, kupitia kwa kijana, kwamba aliyekula kwa kudanganywa hana dhambi. Azuie kuanzia sasa hadi magharibi, na baadaye alipe siku moja. Lakini yule baba hakutulia, na nyuma yake mwingine akapaza sauti: "Na leo sauti imeenda wapi? Jana ilikuwa tamu kama halua! Leo mambo yameharibika ndiyo unatunong'onezea?"

Maalim alilegeza kikoi, akafungua kinywa ajibu. Haikutoka kitu. Mishipa ya shingo ilisimama, midomo ikasogea, na tulichokisikia ni pikipiki ikipoa. Huko nyuma, siku zote, alikuwa na neno kwa kila mtu. Nilitazama chini.

Tulirudi kwenye jengo. Mama wa viazi alikuwa ameshaweka meza yake, akatuona tukipita na mavazi yetu. "Sasa nyinyi mko wapi?" aliuliza. "Kufunga hamjafunga, Idi hamjaswali. Hata mimi mmenichanganya, leo niuze mchana au jioni?"

Nyumbani mama alikuwa amekaa kitandani na sinia la mahamri, amelifunika kwa kitambaa kana kwamba ni maiti. Alikuwa amekula moja la kuonja.

"Nani aliyemchemshia tangawizi?" aliniuliza.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi. Kwa mikono hii. Nilijua hana sauti. Nilijua kuliko watu wote." Akavuta kitambaa cha sinia. "Na nilipoisikia sauti nikasema, alhamdulillahi, Maalim huyo."

Na mimi ndiye niliyempelekea hiyo tangawizi, na mimi ndiye niliyekuwa paani. Tulikuwa tumechoka, tulitaka Idi, na ikaja sauti tunayoipenda ikatuambia tunachotaka.

Mchana huo watoto walishaanza. Maalim alipopita kwenda Adhuhuri, mmoja alimfuata nyuma akisema, "Mwezi umeandama, ndugu zangu," kwa kuvuta lile neno, na wengine wakacheka. Hakugeuka. Ikasemwa pia kwamba kamati ya msikiti itakaa baada ya alasiri.

Ilikaa uani, kati ya msikiti na ukuta wa jengo letu, kama kawaida yake. Watu wa ghorofani walisikiliza madirishani. Mwenyekiti ni mtu mwenye duka la misumari na rangi, mpole, asiyependa kelele. Alisema kwamba hakuna anayemshtaki Maalim. Kamati inajua alikuwa mgonjwa.

"Lakini Maalim wetu," akasema, "sauti yako sasa iko mikononi mwa kila mtu. Leo wameitumia kutangaza Idi, kesho wataitumia kutangaza kitu gani? Watu wamekula mchana wa Ramadhani. Tumeonelea upumzike. Adhana waendelee vijana, wakipokezana. Na matangazo yote yaandikwe, yapigwe muhuri, yatumwe kwenye kundi la simu. Si adhabu. Ni tahadhari."

Maalim alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alitazama mikono yake. Yeye hana kitu kingine. Hana duka wala shamba mahali, na akitoka kwenye kipaza kile anarudi kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kungoja siku. Kila mtu pale alilijua hilo. Alijaribu kusema, tukaona midomo tu. Halafu akainua macho akanitafuta kati ya watu, na akanyoosha kidole juu, kwenye paa.

Mwenyekiti alielewa. "Wewe kijana wa pasi. Ulikuwa naye juu?"

Nilisimama. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya wale wanaotosha kwenye meza.

"Nilikuwa naye."

"Ulisimama wapi?"

"Karibu na tangi la mwisho."

"Mliona nini?"

"Wingu. Lilikuwa wingu tupu. Hatukuuona mwezi, na Maalim hakusema ameuona. Alishuka, akaenda Tena na binti yake."

"Na kanzu yangu ulinipigia ya nini?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na uani pote pakacheka. Nilitamani kukaa. Lakini Maalim alikuwa bado ananitazama.

"Nilipiga kwa sababu niliisikia hiyo sauti," nilisema. "Nikaona macho yangu ndiyo yamekosea. Na si mimi tu. Hapa nani hakujua kwamba Maalim hana sauti? Adhana si tumekuwa tukiisikia ya mwingine? Mama yangu ndiye aliyemchemshia dawa, na yeye pia aliamini."

"Kweli!" mama akasema kutoka dirishani. "Na nimekula!"

Wakacheka tena, ila mara hii kicheko kilikuwa laini. Nikaendelea kabla ujasiri haujaniisha. "Maalim hajawahi kutangaza mwezi bila mwenye kuuona kusimama pale na kusema. Mwaka jana alisimama mama wa ghorofa ya sita. Katika hiyo simu, alisimama nani? Hatukuuliza. Na hayo matangazo ya muhuri, aliyeweza kutengeneza sauti atashindwa na muhuri? Mkimwondoa Maalim, mwakani ikija sauti nyingine kama yake, nani atakuja kutuambia si yeye?"

Hapo nilikaa.

Mama wa viazi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, simu ya mtu mkononi. Alikuwa ameomba aone hiyo picha. "Samahani, mimi si wa dini yenu," alisema, "lakini nauza viazi hapa kila jioni, na mwezi nauona. Huu umesimama. Tangu lini mwezi wa Huruma ukasimama hivi?" Akaupitisha. Watu wakainamia simu, wakautazama tena mwezi ule mzuri, mwembamba, uliosimama wima juu ya matangi yetu kama wa kwenye mkebe wa biskuti. Tangu jana jioni tulikuwa tukiutazama. Yule aliyeuliza kuhusu kanzu akasema polepole, "Aisee."

Mwenyekiti alifikiri. Hakuwa mtu wa kugeuzwa haraka. "Basi tufanye hivi," alisema. "Leo siku ya thelathini inatimia. Mwezi uonekane usionekane, kesho ni Idi. Maalim atangaze mwenyewe, kwa desturi yake. Watu wakimpokea, kipaza ni chake. Wasipompokea, Maalim, utatusamehe."

Jioni paa lilijaa. Walipanda hata ambao huwa hawapandi, na mwenyekiti akapanda, akihema. Anga lilikuwa limeoshwa. Tulifungua kwa tende, na wekundu ulipoanza kupungua nikauona, juu kidogo ya majengo ya mjini, umelala chali, mnene kuliko mwezi wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa na umri wa siku tayari. Wengi waliuona pamoja nami. Maalim angeweza kumchukua yeyote. Alinishika mimi mkono.

Msikitini alisimama mbele ya kipaza kwa muda. Kijana wa bodaboda alimwambia, "Maalim, niseme mimi?" Akakataa kwa kichwa. Alikunywa funda la tangawizi. Kisha ikatoka sauti ambayo sijui niielezeje. Ilikuwa kama mlango wenye kutu, ikikatika katikati ya maneno, na kipaza kiliikuza mpaka kila mkwaruzo ukasikika hadi barabarani.

"Ndugu zangu. Mwezi umeandama. Huyu hapa aliyeuona."

Akanisogezea kipaza. Mkono wangu ulinuka moshi wa makaa. Nilisema kwamba ni mimi, mpiga pasi wa chini. Nilisimama karibu na tangi la mwisho. Umelala chali. Nilikuwa na Maalim na watu wengi. Nikasikia sauti yangu inatoka nje na kurudi kutoka kwenye kuta za majengo, nyembamba, ngeni, na nikafikiri, kumbe mimi nasikika hivi.

Halafu tukangoja. Maalim alikuwa ameshika ukingo wa meza. Huko nje hakuna kilichosogea. Kisha tukasikia mama wa viazi, kutoka barabarani, kwa sauti yake ya kuita wateja: "Hiyo sasa ndiyo yeye!" Na mtu akajibu takbiri kutoka dirishani, na dirisha lingine, na mwingine akaanza kugonga sufuria, na watoto wale wale wa mchana wakapiga kelele kwenye ngazi.

Niliporudi kwenye meza yangu nilimkuta mwenyekiti amesimama peke yake na kanzu yake imekunjwa kwapani. Aliiweka mezani, akainyoosha ukosi kwa kidole.

"Uipige vizuri," alisema. "Kesho nitakaa safu ya mbele, karibu na Maalim."

Sauti ya Maalim imerudi, lakini si yote. Anaadhini kila siku, na mahali pa juu hukwaruza. Ile nyingine, ile nzuri, bado inazunguka kwenye simu. Kuna mtu alimtumia dada yangu juzi, na hatujawahi kujua ni nani aliyeitengeneza. Siku hizi ikija habari ya namna hiyo, watu wa jengo letu hutoa kichwa dirishani na kuuliza, "Nani kaona?" Mara nyingine ni mzaha tu. Mara nyingine mtu hushuka kabisa hadi kwenye meza yangu kuniuliza mimi, na inanibidi nijibu, hata kama jibu ni kwamba sijui.

Sasa nimefika mwisho wa daftari na vidole vinauma. Ninyi mtakaosoma, nina ombi moja. Niandikieni. Nataka kujua huko mnakokaa, habari ikija kwa sauti ya mtu mnayempenda, mnakwenda kumwuliza nani. Andikeni kwa mkono kama mnaweza, hata kama herufi zenu zinasukumana kama zangu. Nitasoma polepole, na kila barua nitaijibu.